Maji ya Sindano

Mume wangu Alfani aliugua pumu miaka kumi na moja, na miaka minne ya mwisho kila Jumanne nilimpeleka zahanati akapigwe makofi na kuchomwa sindano. Nasema vyote viwili kwa sababu vilikwenda pamoja. Aliyepiga na aliyechoma alikuwa mtu mmoja, dresa wetu Silvesta, mtibabu wa zahanati, ambaye serikali ya Mwingereza ilimpa ufunguo wa chumba cha dawa, na sisi wagonjwa tukampa mengine yote.

Jumanne ilikuwa siku ya maradhi ya kukaa nayo: pumu, kifafa, vidonda vya miguu visivyofunga. Sheria ya Silvesta ilikuwa kwamba kila mgonjwa aje na kibuyu cha maji, la sivyo hatibiwi, maana sindano lazima ichemshwe na kidonda lazima kioshwe, na huku kwetu juu Newala hakuna kisima wala kijito. Maji tuliyafuata bondeni, nusu siku kwenda na kurudi, na kule kupanda kunamkata pumzi hata mtu mzima wa afya. Sindano inataka kikombe kimoja tu. Yaliyobaki Silvesta aliyamimina kwenye pipa la nyumbani kwake, mkewe akafulia mashuka. Sote tulijua. Nilipomwona yule mama akianika mashuka yake meupe, kiganja kiliniwasha.

Septemba ya mwaka hamsini na sita alikuja daktari Mzungu kutoka bomani pamoja na karani wake. Karani alitupanga barazani, akatuuliza mmoja mmoja kama tunaridhika na matibabu. Silvesta alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Magdalena mwenye kidonda, aliyepigwa teke juu ya kidonda chenyewe juma lililotangulia, akasema ameridhika. Yeremia mwenye kifafa naye akasema ameridhika, na jino lake la mbele lilikuwa limeng'olewa palepale barazani kwa ngumi ya Silvesta. Zamu yangu ilipofika, Alfani alinibana mkono. Nilijua anachotaka. Kijiji cha jirani walimshitaki dresa wao, akaondolewa, na mlango wa zahanati yao ukafungwa mwaka mzima. Nami nikasema nimeridhika, na aibu ikaniwasha mpaka masikioni.

Oktoba chemchemi yetu ya bondeni ikapungua. Jumatatu nzima tulikaa bondeni tukikinga kwa kata, na tulipigana kule, nakiri. Nilimng'ata jirani yangu Mwanaheri bega kwa ajili ya zamu, naye akaning'oa nywele. Nilirudi na nusu kibuyu, tena maji ya tope.

Asubuhi yake Alfani aliamka akivuta pumzi kwa kelele, mabega yamempanda hadi masikioni. Nilimbeba mgongoni nusu ya njia. Tulipofika, Silvesta alichungulia kibuyu, akaniuliza ile nusu nyingine nimempa nani. Nikamweleza habari za chemchemi. Akakiinua kibuyu, akayamwaga maji yote miguuni pangu, polepole, huku ananitazama usoni. Kisha akamgeukia Alfani, mtu asiye na pumzi, akamzaba kofi hadi akaanguka kifudifudi.

Sikufikiri. Ukutani pa zahanati palikuwa pameegemezwa mchi wa mkewe. Niliushika kwa mikono miwili, nikampiga nao mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Mfupa ulialika kama ukuni mkavu. Alipoanguka nilimpiga tena mbavuni, na nilifurahi, siwezi kudanganya. Ndipo wengine wakaja. Magdalena, pamoja na kuchechemea kwake, alimrukia kifuani. Yeremia alimkalia tumboni akampiga ngumi za mdomo mpaka vidole vyake mwenyewe vikachanika. Watu ambao tangu masika hawakuweza kuinua jembe walipata nguvu siku ile, na damu ya Silvesta ikachanganyika na tope la maji yangu.

Aliyetukomesha ni Alfani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na ile kelele ya kifuani mwake imenyamaza. Nikautupa mchi. Wenzangu wakamimina maji yao kwenye sufuria, Magdalena akachochea moto, sindano ikachemka. Kisha sote tukamtazama Silvesta, maana hapakuwa na mwingine aliyejua kazi ile.

Nikapiga magoti mbele yake. "Bwana Dresa, nakuomba," nikamwambia. "Nitakuletea maji kila siku."

Hakubisha. Alitukabidhi ufunguo wa kabati, akatuonyesha kichupa cha dawa ya pumu. Kilikuwa kimebaki kimoja. Akajiburuta hadi alipolala Alfani. Mkono wake wa kulia ulining'inia tu, kwa hiyo alikishika kichupa kwa mkono wa kushoto ili akivunje shingo kwa meno, kwa haraka, kabla sijamwambia anipe mimi. Kichupa kikapasuka chote, dawa ikamwagika juu ya shati lake. Alijaribu kuifyonza kwa sindano kutoka kwenye kitambaa, akajaribu tena, akajichoma mwenyewe. Mimi nilikuwa nimempakata Alfani kichwa, nikahisi kinazidi kuwa kizito mapajani mwangu.

Magdalena alikaa chini, akafunika uso kwa kanga. Silvesta alikuwa bado ameishika ile sindano tupu, mdomo umevimba, machozi yanamtoka.

"Ningemchoma, Mama Sikudhani," akaniambia. "Kumpiga ningempiga, lakini sindano ningemchoma."

Alisema kweli. Miaka minne alimpiga kila Jumanne, na kila Jumanne alimchoma, na kila mara, mpaka siku ile, mume wangu alirudi nyumbani kwa miguu yake.