Kabari za Mwaloni

Gurudumu la gari lao la maksai lilianza kulia asubuhi, na Almira Sprague akakijua kilio hicho kabla mumewe hajageuza kichwa. Tangu waiache Missouri kuelekea magharibi hewa ilizidi kukauka, mbao zikasinyaa, na sasa ile bangili ya chuma inayolikaza gurudumu la nyuma ilikuwa inacheza kama pete kwenye kidole cha mgonjwa.

"Si ulililoweka mtoni jana?"

"Usiku kucha," akajibu Ezra.

"Basi ndiyo dawa yako hiyo. Mbao zimevimba, zimekauka, zimesinyaa kuliko mwanzo."

Kapteni Pruitt, kiongozi wa msafara, akarudi nyuma na farasi wake. Hakushuka. "Sheria mnaijua. Theluji ya milimani haimngoji mtu, na sisi hatumngoji mtu. Pigilieni kabari za mti mgumu kati ya mbao na chuma."

"Mti gani, Kapteni?" Ezra akanyoosha mkono. Nyasi huku, nyasi kule. Hata chai walichemshia mavi makavu ya nyati.

Kapteni akatema tumbaku. "Mkitufikia kambini jioni, vyema. Msipotufikia, Mungu awe nanyi." Akaondoka.

Almira akalizunguka gari, akalizunguka tena. Masanduku yao yote yalikuwa ya msonobari, laini kama jibini. Mbele, vumbi la wenzao lilikuwa limeshakonda likawa uzi.

"Tulia, binti!" Sauti ilitoka ndani ya gari. Mama mkwe wake, Keturah, alikuwa anafuma soksi kwenye kiti chake cha kubembea. "Unanitia kizunguzungu. Miguu yako ina upupu?"

Almira akakitazama kile kiti. Mwaloni mtupu, mti mgumu, mkavu wa miaka.

"Mama, hebu shuka kidogo."

"Nishuke niende wapi, dukani?"

"Unyooshe mgongo tu."

Bibi akashuka akinung'unika. Almira hakuomba ruhusa. Angeomba, wangebishana mpaka vumbi lipotee. Alikiteremsha kiti, akachukua shoka, akaupasua mkono wa kulia wa kiti.

"Ezra! Mkeo amepata wazimu!"

Ezra alimtazama mama yake, akalitazama vumbi, akamtazama mkewe.

"Usinikodolee macho, mwanamume. Lete nyundo!"

Akaleta. Kabari baada ya kabari, wakaizunguka bangili yote mpaka ikakaza. Maksai walipovuta, gurudumu lilinyamaza.

Walifika kambini jua likizama. Keturah akakalia gunia la unga, akaikataa supu.

"Mwombe radhi, yaishe," Ezra akanong'ona. "Neno moja tu."

Bibi alikuwa amesikia. "Marehemu mume wangu alikichonga kiti kile kwa mikono yake. Wanangu wote nimewanyonyeshea pale, na wale niliowazika Ohio. Ningekupa mwenyewe, Almira, kama ungeniomba."

Almira aliinama akaligonga gurudumu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Lilikuwa kimya, lakini safari ya kesho ilikuwa ya nchi kavu zaidi.

"Ungenipa kesho, Mama, baada ya kubishana, wenzetu wakiwa wameshatuacha mbali. Ile miguu ya kubembea ya kiti chako nimeifunga chini ya gari. Gurudumu jingine likilia, nitaipasua pia. Kunywa supu, inapoa. Radhi siombi."