Nauli ya Friza

Caren Ajwang hakuwahi kununua samaki bila kumwinua shavu. Alikuwa amekaanga samaki mtaani Obunga kwa miaka kumi na mmoja, na wauzaji wa ufuoni walimzoea: anafika, anasalimia, anaingiza kidole, anatazama wekundu wa ndani, halafu ndipo anauliza bei.

Disemba hiyo alikuwa akitafuta friza. Wiki ya Krismasi samaki huisha saa nne asubuhi, na mwenye mahali pa kuwahifadhi ndiye huuza hadi jioni. Pesa alikuwa nazo, akiba ya mwaka mzima. Zikipotea, hakuna nyingine.

Aliyeipata friza ni mumewe, Wechuli, fundi wa ujenzi mwenye imani kubwa na simu yake. Alimletea pale pale kwenye karai: ukurasa wa mtandaoni, ofa ya Krismasi, nusu bei, zimebaki mbili.

"Jana zilibaki ngapi?" Caren akauliza.

"Mbili."

"Na juzi?"

Wechuli akaitazama simu. "Mbili. Lakini Mama Byron, huyu muuzaji ni mtu wa kwenu, yuko Ahero. Amenisalimia kwa Kijaluo."

"Hata wewe unasalimia kwa Kijaluo, na ni Mbukusu."

Caren akapangusa mikono, akaichukua simu, akaandika taratibu. Alimwomba muuzaji aifungue friza, aweke mwiko ndani, apige picha mpira wa mlango ukionekana. Picha ikaja. Ilikuwa ile ile ya tangazo, ila imevutwa karibu.

"Sina mwiko, mama," muuzaji akaandika. "Tuma pesa kabla ya saa sita, kuna mteja mwingine."

"Weka kijiko basi."

"Mama, huniamini?"

"Hata Perez anayeniuzia samaki ufuoni simwamini, na alinisimamia harusi. Shemeji yangu Dalmas anauza mchele hapo Ahero sokoni. Nielekeze ulipo, aje na pesa mkononi. Akiona inagandisha, anakulipa."

Dakika nne zikapita. Muuzaji akajibu kwamba friza imeshapelekwa Nairobi. Kisha picha ya wasifu wake ikatoweka, na ujumbe uliofuata haukumfikia.

"Imepanda ndege," Caren akasema, akamnyooshea mumewe simu.

Wechuli hakuipokea. Alikuwa akizikagua kucha zake.

"Baba Byron. Umetuma kitu?"

"Pesa ya friza sikuigusa. Nilituma nauli yake tu. Mia nane, ya kuifikisha hapa."

Caren akageuza samaki wawili, kisha wa tatu.

"Nimesikia wanaume wakitumia wasichana nauli na wasifike," akasema. "Friza ni ya kwanza."

"Naweza kuripoti hiyo namba."

"Ripoti. Ukimaliza, urudi ule. Leo kwako ni mifupa."

Jumamosi walienda Awasi, kwa mama mmoja aliyekuwa akifunga kabisa duka lake la soda na kuuza vyombo vyake. Friza yake ilikuwa kuukuu, imechubuka, inanguruma. Kabla Caren hajasema neno, Wechuli akaufungua mlango, akapitisha kidole kwenye mpira kuuzunguka wote, akaweka kikombe cha maji ndani, akafunga. Akavuta kreti, akakaa.

Walisubiri kwa muda wa karibu saa tatu. Maji yalipoganda, Caren akauliza bei.