Mkono wa Mrisho Wapunguzwa Tena

Jumatatu saa tatu asubuhi Elinipendo alifungua kompyuta yake barazani, kwenye nyumba aliyopanga nyuma ya stendi ya Kibiti, akakuta maoni mia nne na kumi na mawili. Mia tatu na sita yalimhusu Mchukuzi. Akajimiminia chai, akaanza kuyapanga.

Kampuni moja ya Dar es Salaam ilitengeneza gemu ya kupigana, watu wanaicheza kwenye simu na kwenye vibanda, na ina mashindano yake. Elinipendo aliajiriwa kusoma malalamiko ya wachezaji na kupendekeza mpiganaji yupi apunguzwe nguvu na yupi aongezwe. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla mumewe, tabibu, hajahamishiwa huku. Alijua kwamba anayeandika "huyu kazidi" mara nyingi anamaanisha "nimepigwa". Alijua pia kwamba anayepigwa akiwa Masaki huandika marefu kuliko anayepigwa akiwa Dimani, huku vijijini, kwa sababu ana bando.

Mchukuzi ni mpiganaji anayepigana na boriti begani. Ili kumtengeneza, kampuni ilikwenda Nyamisati ikamrekodi Mrisho, mpakiaji wa boriti za mikoko, kutwa nzima akinyanyua, akigeuka, akitua. Walimwachia fulana. Tangu hapo Mchukuzi akipunguzwa, Mrisho naye hupungua. Toleo la pili lilimwongezea Mchukuzi fremu tatu za kusubiri baada ya kila pigo. Fremu ni sehemu moja ya sitini ya sekunde. Asubuhi lilipotoka, Mrisho alitua boriti kwenye boti, mkono wa kulia ukabaki hewani kidogo kabla ya kumrudia. Wenzake wakasema toleo limetoka, wakaendelea kupakia.

Sasa lilikuwa toleo la sita. Saa nne Mrisho alishuka kwenye bodaboda na kindoo cha kamba wabichi.

"Hodi dada Eli."

"Karibu kaka. Mkono umefika wapi?"

"Fremu ishirini na mbili." Alikaa kwenye jamvi. "Kwenye ubao wa kuingilia botini tunapita kwa mstari, kila mtu na hatua yake. Mimi nikichelewa, wa nyuma ananigonga kisogo. Jana Amri, anayenifuata, kagonga mara tatu, kanitukania ukoo mzima. Msimamizi kasema wakinipunguza tena nikae nyumbani nimsaidie mama kupepeta mpunga."

"Maoni yako niliyapeleka."

"Wakasemaje?"

"Hayakuhesabiwa. Maoni yanapewa uzito kwa daraja la mchezaji. Uzito unaanzia daraja la dhahabu. Wewe huchezi."

"Lakini mimi ndiye mwenyewe."

Elinipendo aligeuza kompyuta amwonyeshe jedwali. Palikuwa na safu ya daraja, safu ya ushindi, safu ya simu anayotumia mchezaji. "Safu ya mwenyewe haipo," alisema.

Mrisho aliitazama, akauliza kibanda cha gemu kiko wapi.

Kibanda kilikuwa cha Twalibu, karibu na soko. Vijana walimsogezea stuli.

"Broo, chukua Bondia," mmoja alimwambia. "Huyo Mchukuzi kashanyooshwa, mkono kama umelala."

"Nitamchukua huyuhuyu. Nimemzoea."

Alimzoea kweli. Alijua mkono ukichelewa, uzito unashukia goti la kushoto, na mtu hausubiri mkono bali anaiacha boriti imgeuze, kama boti inapoyumba maji yakijaa. Siku ya kwanza alipigwa na kila mtu. Siku ya tisa Bondia wa Twalibu alianza kulazwa chini, na Twalibu akawa anasema pedi ya kuchezea imeharibika. Mrisho alikuwa akija kila siku baada ya boti kuondoka, na wiki ya sita aliingia daraja la dhahabu. Aliandika maoni yake kwa kidole cha kushoto, kwa sababu cha kulia kilikuwa kinakuja nyuma: *Mkono urudishwe. Ndio ninaofanyia kazi.*

Bi Habiba, mama yake, alimuuliza kaandika nini. Alipoambiwa, aliendelea kupepeta.

"Na sisi tulitoa maoni," alisema. "Nilikuwa mwari, enzi za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Waliitwa watu wote wa bondeni, bwana mmoja na daftari, kila mtu akasimama akasema hataki kuhama. Aliandika kila neno, hakuruka hata moja. Tukafurahi, kijana anaandika vizuri. Malori yakaja Alhamisi."

Safari hii maoni ya Mrisho yalihesabiwa. Elinipendo aliyapa uzito wote uliokuwepo. Lakini kwenye jedwali la pili, la ushindi, Mchukuzi alikuwa amepanda kutoka arobaini na tisa kwa mia hadi hamsini na nane, na Dulla, bingwa wa Dar, alikuwa ameweka video ya namna alivyopigwa na mtu asiyemjua wa Kibiti. *Mnaona?* aliandika. *Hata mkono ukilala, bado kazidi.* Watu elfu mbili walikubaliana naye.

Elinipendo aliandika ripoti yake kwa ufupi. Ushindi umepandishwa na mchezaji mmoja. Mchezaji huyo ndiye mkono wenyewe. Mpiganaji asiguswe. Bosi wake, Lucas, alijibu baada ya robo saa kwamba hoja ni nzuri sana na imepokelewa, ila wachezaji wameshasema. Zikaongezwa fremu kumi na nane. Kesho yake Amri alimgonga Mrisho boriti ikaanguka majini, na msimamizi akamtoa kwenye mstari.

"Ipo njia," Elinipendo alimwambia. "Shindwa. Ukipigwa mechi mia mbili, namba zitashuka, nitaomba mkono uongezwe nguvu."

"Nikishindwa, dhahabu nabaki nayo?"

"Hapana."

"Nani atasema, basi?"

"Mimi."

Mrisho akarudi kwa Twalibu. Alishindwa mechi mia mbili kwa siku kumi na moja. Ilikuwa kazi ngumu, mwili ulikuwa unataka kugeuka. Vijana walimwita mzee wa kulala. Alishuka fedha, akashuka shaba, akashuka mpaka mahali ambapo gemu humfundisha mtu namna ya kutembea.

Mchukuzi alishuka hadi hamsini kwa mia kamili. Elinipendo aliandika kurasa tatu, zenye michoro. Jibu la Lucas lilikuwa na shukrani nyingi. Lengo la kampuni kwa kila mpiganaji lilikuwa hamsini kwa mia. Kupunguza kumefaulu, Mchukuzi sasa yuko sawa, asiguswe. Dulla naye aliandika kwamba hatimaye kampuni inasikiliza.

Elinipendo aliandika *sawa* kwenye safu ya Mchukuzi, akafungua malalamiko ya Bondia, yaliyokuwa mia moja na tisini.

Nyamisati mstari unapita ubaoni bila kugongana. Mrisho yuko nyumbani, anapepeta mpunga kwa mkono wa kushoto. Wakati wa chai Bi Habiba humwekea kikombe usawa wa mdomo, hukishikilia hapohapo, na wote wawili husubiri mkono ufike.