Ukuta Mweupe wa Papa Télesphore

Papa Télesphore alikuwa ameshakula semina tatu za mabadiliko ya tabianchi, kila moja na kofia yake, alipojenga ukuta mrefu mlimani, juu ya nyumba ya mbao ya Maman Consolate, kule mtaa wa Nguba. Ukuta ulikuwa wa kushikilia udongo, ili jumba lake la orofa tatu lisiteleze mpaka ziwani. Ukianguka, utaangukia kitanda cha Maman Consolate, na hilo halikumnyima bwana yule usingizi.

Mama mzee alipanda na fimbo yake, akautazama ukuta kama anayetazama samaki wa juzi sokoni.

"Papa Télesphore, ukuta yako haina matundu. Maji ya mulima itatokea wapi?"

Akajibiwa kwamba matundu yanaacha madoa ya matope, na weupe ule lazima uonekane toka barabarani. Halafu mvua zimezidi kwa sababu ya wamama wanaopika kwa makaa. Maman Consolate hakumuuliza ni lori ngapi za mikaratusi zilizochoma matofali yake.

"Mambo ya climat mutuachie sisi tulisoma, maman."

Mama mzee alikomea mwaka wa tano wa shule ya primaire. Akashuka polepole, akaenda kutafuta ndizi za kukamua.

Siku ukuta unapomalizika, desturi ni mwenye kazi kuwanywesha mafundi. Papa Télesphore aliwagawia vifuko vya maji ya sachet, akawapa hotuba, akaenda kula hotelini. Mugisho, mkubwa wa mafundi, alikuwa bado anageuzageuza sachet yake wakati Maman Consolate alipotokea na bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi. Hakuomba mengi. Mpaka jioni ukuta ulikuwa umetobolewa mara kumi na mbili upande wa chini, ambako mwenyewe hakanyagi, ukatiwa vipande vya tuyau, bomba za plastiki, na kufunikwa kwa chokaa nyembamba, nyeupe kama kwingine.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilipiga siku mbili bila kupumzika. Ukuta wa jirani, laini kama yai, bila tundu hata moja, ulivimba tumbo ukalala barabarani. Ule wa Papa Télesphore ulitema chokaa, ukaanza kukojoa matope. Nyumba ya mbao haikusogea.

Papa Télesphore akashuka, viatu mkononi. Alipoona madoa, akamwita Mugisho alete simenti azibe yote. Mugisho alikuwa anakoroga wakati wageni wa semina mpya ya climat walipofika kupiga picha za maporomoko. Wakasimama mbele ya ukuta uliobaki, wakauliza akili hii ni ya nani.

Papa Télesphore akatazama kamera, akavaa kofia ya semina.

"Niliwaza climat," akasema. "Maji lazima ipumue."

Wakamuuliza matundu ni mangapi. Akaanza kuhesabu kwa macho, akapotea.

"Kumi na mbili," akasema Maman Consolate toka mlangoni. "Muandike na jina yake. Papa alisema hata moja isizibwe."

Simenti ikaganda kwenye karai. Maman Consolate akatega beseni chini ya tundu la saba, ambalo maji yake yalikuwa yameanza kusafika, akaosha sahani.