Wageni Wasimame

Kwa miaka kumi na mitano nilijigamba kanisani na sokoni: Gwantwa wangu ana adabu. Haongei ovyo, hainui macho mbele za watu. Sisi wa Ileje binti wa namna hiyo tunamsifu, nami kichwa kikanivimba. Kumbe nasifia ugonjwa!

Nilishtuka alipokataa shule. Mwalimu alitangaza kila mwanafunzi wa kidato cha pili atasimama kueleza kazi yake, na tangu siku hiyo binti yangu akawa anatapika kila asubuhi, kisha anarudi kulala, uso ukutani. Mkuu wa shule akatupa mwezi mmoja: asiporudi, jina lake linafutwa.

Nesi Imelda, mshauri nasaha wa hapa Mpemba, alisema hiyo si adabu, ni hofu, na hofu hutibiwa hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza Gwantwa alitumwa kusalimia wenye maduka watatu. Ya pili, kumuuliza njia mtu asiyemjua. Ya tatu ndiyo iliyonipandisha hasira: aende kanisa la ugenini, wageni wakiitwa asimame, ajitambulishe, na akosee makusudi.

"Akosee? Mbele ya madhabahu?" nilifoka.

"Aone kama paa litaanguka. Na wewe mama, kazi yako ni kunyamaza. Umemjibia vya kutosha."

Yalinichoma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Jumapili tukaenda Mlowo. Mchungaji akaita wageni. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikauziba kwa kitenge. Gwantwa akasimama, jasho likimtiririka.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Naitwa Gwantwa, natoka Mpemba. Nimekuja na binti yangu, huyu hapa." Akaninyooshea kidole.

Kanisa zima likaangua kicheko. Nikafumba macho kwa woga. Nilipoyafumbua, mtoto wangu alikuwa bado amesimama, naye anacheka!

"Samahanini, ni mama yangu. Huwa anaongea sana, leo nimempumzisha."

Makofi! Vigelegele! Nililia bila aibu, mwanamke mzima, hadi mzee wa kanisa akaniletea maji.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amevaa sare, viatu vinang'aa. Nikachukua mkoba wangu ili nimsindikize, nikamweleze mwalimu.

"Baki tu, mama," akasema. "Nitamweleza mwenyewe."