Viwavi Wakilala

"Wakilala, usiwaguse," Bibi Hosiyat aliniambia akiwa ameshapanda gari la kwenda Kokandi harusini. "Ukiwatunza mpaka nirudi, mwakani mayai unabeba wewe."

Mimi jamani! Kwetu Margilani mayai ya viwavi wa hariri hubebwa na mwanamke mmoja tu wa nyumba, kwenye kimfuko kifuani, siku kumi, mpaka yaanguliwe kwa joto lake. Na mimi nimekulia Tashkenti, nimefika juzi tu!

Usiku nikawarekodi kwa simu viwavi wakitafuna majani ya mforsadi. Chumba kizima kilisikika kama mvua juu ya bati. Nikasinzia humohumo, naota mimi mwenyewe ni jani.

Asubuhi mvua imekata.

Kimya. Viwavi wote wamenyanyua vichwa, kama wanasikiliza kitu cha mbali sana. Nikaweka majani, hawali. Nikapuliza, hawasogei. Hata mavi yao, vile vipunje vyeusi, hakuna vipya. Shuleni tulikaririshwa: kiumbe hai anakula, anapumua, anatoa taka, anasogea, anahisi, anakua, anazaa. Nikahesabu kwa vidole. Saba zote, sifuri. Halafu nikakumbuka jana nilijipulizia marashi, na Bibi alikataza harufu!

Nimewaua.

Nikabeba trei la kwanza hadi uani huku nalia. Kuku wakaja mbio.

"We Barchinoy! Watoto wa watu unawapeleka wapi?" Jirani, Mama Tursunoy, kichwa juu ya ukuta.

"Wamekufa, Mama. Ni marashi yangu."

"Funga mdomo! Neno hilo halitajwi kwenye nyumba ya viwavi. Wamelala."

"Si ndiyo hivyo, wamelala, Mungu awapokee..."

Akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. "Mtoto wa mjini! Wanalala usingizi huu huu wetu. Mara nne maishani, wanavua ngozi. Hii ndiyo ya nne. Hujawahi kuona mtu analala mpaka mchana? Jitazame kwenye hiyo simu yako!"

Nikawarudisha mbio. Siku nzima nikakaa nao, bila marashi, napumua polepole nisije nikawaamsha. Hata sijui nani alikuwa analala, wao au mimi. Kesho yake alasiri, nawarekodi tena, nikaona kwenye kioo cha simu ngozi ya mmoja inapasuka kichwani. Akajitoa taratibu, mweupe, amekunjamana, mkubwa kuliko jana! Akapumzika. Akageuka. Akang'ata jani.

Halafu mwingine. Halafu mvua, mvua kubwa.

Simu ikaita. "Wameamka?" Bibi.

Nikaishusha simu juu ya trei. Akasikiliza muda mrefu, nikamsikia anavuta pumzi.

"Na marashi je?"

"Bibi! Nani kakwambia?"

"Tursunoy ana simu pia. Hayo marashi mpe yeye. Wewe tafuta sindano, anza kushona kimfuko."