Onyo Alilolisoma Marselina

Redio ya jamii pale Mikumi ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na hazina ambayo redio kubwa za mjini hazikuwa nayo. Wazee wa Mamboya walikuwa wamerekodiwa wakiimba nyimbo za mavuno kwa Kikaguru. Wakulima wa Mvumi na wafugaji wa mbugani walirekodiwa siku walipokubaliana njia za mifugo, kila mmoja kwa lugha yake. Baadhi yao walikwisha kufariki. Sauti zote zilitunzwa kwenye seva, sanduku jeusi lililokaa juu ya kabati la studio, na kompyuta zote zilichota humo.

Soila alipoajiriwa kuwa fundi wa kompyuta, hakumaliza hata siku moja kabla ya kuona tatizo. Kila mtangazaji alipochota faili kutoka kwenye seva, kompyuta ilitoa onyo: faili hii huenda ikadhuru kompyuta yako, uendelee? Kila mtu alibonyeza “Ndiyo” huku akitazama pembeni.

“Shikamoo, mama Marselina,” Soila alimwamkia mtangazaji mkongwe kuliko wote pale.

“Marahaba, mwanangu.”

“Hilo onyo lililotokea sasa hivi limesemaje?”

Marselina alicheka. “Nitajuaje? Linapiga kelele tangu asubuhi. Ukilisikiliza, taarifa ya habari itasomwa kesho.”

Herman, meneja wa kituo, alisikia. “Fundi, yazime yote. Watu wafanye kazi.”

“Hapana, bosi,” Soila alisema. Alikuwa mgeni kazini, lakini hakurudi nyuma. “Nikiyazima yote, siku kitu kibaya kikija hakuna wa kutushtua. Kompyuta zinaiita seva yetu kwa namba, kwa hiyo zinadhani ni kitu cha mtandaoni huko nje. Nitazijulisha kwamba seva hii ni ya humu ndani. Hii tu, basi.”

Herman aliguna, lakini hakumkataza. Soila alipita kompyuta moja moja, akafungua mipangilio ya usalama na kuingiza anwani ya seva ile kama sehemu ya mtandao wa ndani. Kisha akapanga kwamba hakuna faili mpya itakayoingia kwenye seva kabla yeye hajaikagua. Alipomaliza aliwaita wote studio.

“Sasa mkifungua sauti zetu, kompyuta itanyamaza. Kwa hiyo ikiwaonya, ina sababu. Msibonyeze. Someni, halafu mniite.”

Wiki zikapita kwa utulivu. Hata Herman alikiri kwamba vipindi vinaandaliwa haraka.

Siku moja mchana, muda mfupi kabla ya matangazo ya jamii, barua pepe iliingia. Ilidai kutoka kwa bwana mifugo: tangazo la chanjo ya ng'ombe, limekwisha kurekodiwa, lirushwe mara moja. Marselina alilipakua, akabonyeza kulifungua. Onyo likatokea.

Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya. Herman alikuwa mlangoni akionyesha saa yake.

“Mama, fungua, tunachelewa!”

“Ngoja,” Marselina alisema. Alivaa miwani, akasoma neno kwa neno. “Soila! Njoo. Linasema hii ni programu, na mtengenezaji wake hajulikani. Tangu lini tangazo likawa programu?”

Soila aliinama, akatazama mwisho wa jina la faili. Kweli, haikuwa sauti. Ilikuwa programu iliyobandikwa jina la tangazo. Herman alimpigia simu bwana mifugo palepale.

“Mimi? Sijatuma kitu chochote leo,” alijibu yule bwana.

“Ingefunguka ingefanya nini?” Herman aliuliza polepole.

“Sijui kwa hakika,” Soila alisema. “Nyingi za aina hii hufunga kila faili zinayoifikia, isifunguke tena. Hata za kwenye seva.”

Watatu wale walinyanyua macho kutazama juu ya kabati. Kisha Soila akaifuta ile faili, na Marselina akaingia hewani bila tangazo lolote mkononi.

“Wasikilizaji,” alisema, “leo nawapigia wimbo wa mavuno kutoka Mamboya. Mnausikia kwa sababu fundi wetu, Soila wa Lomayani, alitufundisha kusoma kabla ya kubonyeza.”

Jioni simu ya Soila ililia. Alikuwa baba yake, mzee Lomayani, akiwa na mifugo kwenye nyanda za Kilosa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nimekusikia redioni.”

“Hukunisikia mimi, baba. Umemsikia mama Marselina.”

“Jina nililolisikia ni langu,” mzee alisema. “Nimewapigia ndugu zako wote. Hata wasiouliza nimewaambia.”

Soila alicheka mpaka machozi yakamlenga. “Basi wapigie tena, baba. Waambie na la mama Marselina. Mimi nilifundisha tu. Yeye ndiye aliyesimama na kusoma wakati bosi anamharakisha.”

“Mama huyo ni wa wapi?”

“Wa Mamboya.”

“Mkaguru,” mzee Lomayani alisema kwa heshima, akakata simu ili aanze kupiga upya.